Somo: Kuthibitisha ukaazi wa Texas ili chuo kikutoze ada ya wenyeji

Ndugu zangu wa Dallas, Houston na Abilene, inaniuma kuona vijana wetu wakiandikiwa ada ya wageni, iliyo juu kuliko ya wenyeji, ilhali wazazi wao wana miaka hapa. Tofauti yake yaweza kumfungia mtoto mlango wa chuo. Fuateni hivi.

Kwanza, hesabu miezi 12 ya kukaa Texas. Inahesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku ya 12 ya masomo ya muhula, si siku uliyotuma maombi.

Pili, jua ni ukaazi wa nani unaohesabiwa. Kijana anayeandikwa tegemezi kwenye kodi ya mzazi hufuata ukaazi wa mzazi, kwa hiyo karatasi ziwe za mzazi.

Tatu, karatasi zenyewe, na hapa ndipo wengi hukwama. Mkataba wa pango, bili za umeme na taarifa za benki huunga mkono tu. Msingi ni kitu kinachoonyesha umeweka maisha Texas: barua ya mwajiri yenye tarehe uliyoanza kazi, nyumba uliyonunua, biashara yako, au ndoa na mkaazi wa Texas. Kwenye orodha ya karatasi zinazokubaliwa utaona pia kadi ya mpiga kura. Kama si raia, nakusihi usijiandikishe kabisa! Ni kosa la jinai, na linaweza kukufukuzisha nchini.

Nne, jibu maswali yote ya ukaazi kwenye fomu ya maombi. Ukishawekwa kundi la wageni, nenda kwa msajili na karatasi zako mapema, kabla ya siku ile ya 12.

MASWALI

Dada, nina viza ya F-1 (ya mwanafunzi), nimekaa Houston miaka mitatu. Nahesabika?
Hapana kaka, F-1 hairuhusu. Wenye grini kadi, wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye H-1B (viza ya kazi) wanaweza. Ila uliza chuoni kuhusu ufadhili wa kushindaniwa: ukipata wa dola 1,000 au zaidi, chuo cha umma kinaweza kukutoza ada ya mwenyeji, hata kama una F-1.

Kazi yangu ya maktaba hapo chuoni inafaa kama ushahidi?
Haifai. Kazi unayopewa kwa sababu ni mwanafunzi haihesabiwi.

Naishi Fort Worth, nasoma Dallas College. Mbona nalipa zaidi ya wenzangu?
Vyuo vya jamii vina bei tatu: ya wakaazi wa eneo la chuo, ya wakaazi wengine wa Texas, na ya wanaotoka nje ya jimbo. Fort Worth haiko kwenye eneo la Dallas College; iko kaunti ya Tarrant, nayo ina chuo chake, Tarrant County College. Huko utalipa ile ya chini.