Kurekodi mawimbi ya ubongo kwa wenye sonona: usije ukapima jasho

Kwa joto la Lindi, elektrodi mbili jirani (vidude vya kofia ya EEG vinavyopokea umeme wa ubongo kichwani) zikiunganishwa na jasho au jeli iliyomwagika, kompyuta itakuonyesha muungano imara kati ya sehemu mbili za ubongo ambao haupo. Ndiyo maana kazi kubwa iko kichwani na chumbani, kabla ya hesabu.

Siku moja kabla, mwambie mshiriki aoshe nywele kwa sabuni na asipake mafuta, ya nazi yakiwemo. Rasta nene huinua kofia elektrodi zikaning'inia, kwa hiyo ni bora afumue; mistari inayoacha ngozi wazi inavumilika. Dawa asiache kwa ajili ya utafiti wako. Ziandike tu, kwani diazepam, kwa mfano, huongeza mawimbi ya beta, yaani ya haraka.

Dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 ya kupima dalili za sonona, lijazwe kabla ya kuvaa kofia. Alama ni 0 hadi 27, na wengi huanzia 10 kama kikomo cha kushuku sonona. Swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru: jibu likiwa juu ya 0, acha kurekodi, mtu aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo. Hili lipangwe tangu unapoomba kibali cha maadili.

Rekodi asubuhi, kabla jua halijakolea. Feni isipulize nyaya. Laptop itumie betri, chaja ikiwa imechomolewa. Unapunguza mnung'uniko wa umeme wa 50 Hz, na umeme ukikatika kazi haipotei.

Pima kutoka bonde la juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni. Katikati ndipo inapokaa elektrodi ya utosini, Cz. Kwa sindano butu tenga nywele, kwangua ngozi taratibu, kisha tia jeli ijaze tundu tu. Ikifurika pembeni, futa. Ukinzani wa umeme kati ya ngozi na elektrodi uwe chini ya kiloohm 5. Mistari ya elektrodi mbili jirani kwenye skrini ikifanana kama pacha, shuku daraja la jeli: vua, kausha, rudia.

Elektrodi 32 na sampuli 500 kwa sekunde zinatosha. Chukua dakika 5 macho yamefumbwa na 5 yamefumbuliwa. Anapofumba, alfa (8–13 Hz) ikue kwenye O1 na O2, elektrodi za kisogoni. Ikianza vizuri halafu ikayeyuka na mawimbi ya polepole kuingia, amesinzia. Mwite kwa jina.

Programu za kuchambua EEG, MNE-Python na EEGLAB, ni za bure. Chuja 1–40 Hz, ondoa kupepesa macho kwa ICA (mbinu ya kutenganisha ishara zilizochanganyika), kata vipande vya sekunde 4, na kila mtu awe na idadi ileile ya vipande, la sivyo vipimo vya mtandao havilinganishiki. Usitumie kohirensi ya kawaida, kipimo cha jinsi mawimbi mawili yanavyoenda pamoja: chanzo kimoja hufika elektrodi nyingi kwa wakati mmoja. Tumia wPLI, kipimo cha muungano kinachopuuza miungano isiyo na ucheleweshaji kati ya mawimbi.

Elektrodi 32 huzaa jozi 496. Kwa kizingiti cha takwimu cha 0.05, jozi kama 25 zitang'aa kwa bahati tu, kwa hiyo sahihisha kwa FDR (kudhibiti sehemu ya matokeo ya uongo) au mbinu ya permutesheni (kuchanganya makundi kwa bahati mara nyingi na kulinganisha). Kundi la kulinganisha liwe la umri na jinsia zinazofanana. Tofauti utakayopata ni ya makundi. Haimwambii mgonjwa mmoja kama ana sonona, wala haiandikwi kwenye faili lake.