Bado hajala: jinsi ya kusoma piti na tairi ukiangalia Formula 1

Hii naiandika kwa ajili ya washkaji ninaokaa nao Jumapili saa kumi jioni kuangalia Formula 1, maana kila wiki swali ni lilelile, "sasa huyu si alikuwa wa kwanza, mbona saa hizi wa saba na hakuna aliyempita?" Nimechoka kujibu mechi ikiendelea, aisee, unajibu huku unakosa tukio. Mi nina kibanda cha pancha hapa Uyole, Mbeya, tairi ndo zinanilisha, kwa hiyo mengine humu nimeyajua kwa mikono kabla sijayaona kwenye TV.

Tuanze na basi. Kama umewahi kupanda basi la Mbeya kwenda Dar hii unaijua. Mnatoka alfajiri mabasi mawili, mnafukuzana mpaka Makambako, mbele huko mnalikuta lile jingine limepaki hotelini abiria wanashuka kula, la kwenu linapita bila kusimama, vijana wa siti za nyuma wanapiga kelele "tushawaacha hao!" halafu kuna mzee mmoja aliyeizoea njia anacheka peke yake, anasema tulieni wanangu, sisi bado hatujala. Na kweli, baada ya nusu saa nyie ndo mko kwenye foleni ya chipsi na wali kuku, na lile basi linapita pwaaa mbele yenu, konda anawapungia mkono.

Formula 1 ni hivyohivyo. Mbio zikiwa kavu sheria inamtaka kila dereva atumie angalau aina mbili tofauti za tairi za kavu, maana yake lazima aingie piti, yaani ile njia ya pembeni wanapobadilishiwa tairi, angalau mara moja, apende asipende. Mafuta hawajazi, hiyo iliisha tangu 2010, siku hizi wanaingia kwa ajili ya tairi tu. Kwa hiyo kila gari linaanza na deni, na namba unazoziona pembeni ya skrini ni za uongo mpaka wote wawe wamelipa. Sisi kijiweni tunaita kula. Ukisikia mtu anasema "Leclerc bado hajala" ujue dereva huyo hajaingia piti.

Sasa cha kwanza, jua bei ya kula. Hapa ndo wengi wanadanganyika, wanaona gari limesimama sekunde mbili na nukta wanadhani hiyo ndo hasara. Rekodi ni ya timu ya McLaren pale Qatar 2023, sekunde 1.80 tairi zote nne (mi lori likija nati zenyewe kumi kwa tairi moja, na nusu zimeshika kutu, nikimaliza moja kwa dakika ishirini najiona bingwa, ila wenzetu nati ni moja tu katikati na watu watatu kila tairi, mmoja na bunduki ya nati, mmoja anatoa, mmoja anavalisha). Hasara yenyewe iko njiani. Ndani ya njia ya piti mwendo mwisho ni 80 kwa saa, Monaco 60, wakati huo wenzako kule kwenye lami iliyonyooka wanapiga mia tatu. Jumlisha kupunguza mwendo, kusimama, na kuchomoka tena, viwanja vingi unapoteza sekunde ishirini na kitu. Watangazaji huwa wanaitaja namba ya uwanja husika mapema kabisa, we iandike juu ya daftari. Mfano: KULA = 22.

Ndio, daftari. Msicheke. Daftari na peni, magari sita ya mbele yanatosha, usijifanye unafuatilia yote. Kwa kila dereva andika vitu vitatu: kavaa tairi ya rangi gani, kaivaa raundi ya ngapi, na kashakula mara ngapi. Halafu fanya hesabu ya dukani tu. Jamaa yuko mbele ya mwenzie kwa sekunde 15, lakini yeye bado hajala na mwenzie kashakula, na kula ni 22? Huyo wa mbele kiukweli yuko nyuma kwa sekunde 7. Ukishalijua hilo mbio zinabadilika kabisa machoni, unaanza kumwangalia wa nne ambaye kamera haimwonyeshi hata.

Rangi. Tairi zote zinatoka kampuni ya Pirelli, wao peke yao tangu 2011. Wiki ya mbio wanaleta aina tatu za kavu: nyekundu ni laini, njano ya kati, nyeupe ngumu. Laini inashika lami vizuri, ina mwendo, ila inakwisha upesi, ngumu kinyume chake, na ya kati jina linajieleza. Kitu ambacho hawakuambii ni kwamba nyekundu ya Monaco sio lazima iwe mpira uleule wa nyekundu ya Silverstone, wana ngazi zao kuanzia C1 iliyo ngumu kuliko zote kwenda juu, kila uwanja wanachagua tatu halafu wanazipaka rangi hizohizo. Ndo maana unamsikia mtu anabishana "laini inakwenda raundi kumi na tano tu" kwa sababu aliona wiki iliyopita. Wiki iliyopita ilikuwa kwingine.

Na kwisha kwenyewe sio kama tairi ya daladala inayoisha kashata mpaka unaona waya. Za kavu hazina kashata kabisa, kipara toka kiwandani, trafiki wetu angewaandikia wote. Zinakufa kwa joto, likipungua au likizidi. Tairi ikiwa ya baridi inateleza, mpira wa juu unachanika vipande vidogo kama uchafu wa rabara ya penseli, hivyo vipande vinaganda juu yake na mshiko unapotea. Ikizidi joto nayo inachemka ndani, inatoa malengelenge. Mi hili naliona sana kwenye malori, dereva katoka kushuka mlima breki zinanuka anakuja anasema pima upepo, namwambia kaa kwanza kaka, tairi ya moto inadanganya, upepo umepanda kwa joto, nikikupunguzia sasa hivi kesho asubuhi na hii baridi yetu ya mwezi wa sita utakuta tairi imelala. Wale mainjinia wanapigana na kitu hichohicho, ila wana kompyuta mia na mimi nina kiganja.

Sasa ujanja wenyewe. Wa kwanza wanauita andakati. Uko nyuma ya mtu, humpiti, hewa inayovurugwa na gari lake inakutelezesha na kukumalizia tairi. Unafanyaje? Unaingia kula kabla yake. Chukua upo nyuma kwa sekunde 1.5, unaingia raundi ya 20, raundi ya 21 wewe una tairi mpya yeye ana kuukuu, unaenda haraka kumzidi kwa sekunde 2 nzima. Anaingia raundi inayofuata, analipa bei ileile uliyolipa, anatoka, anakukuta uko mbele yake kwa nusu sekunde. Hujampita barabarani, umempitia jikoni. Kwa hiyo ukiona wa pili kaingia piti, macho yote kwa wa kwanza, kwa sababu ana raundi moja ya kujibu, na vijana wake wakichelewesha nati moja tu kwa sekunde moja imekula kwao.

Kinyume chake ni ovakati, unabaki nje wakati mwenzio kala. Hii inafanya kazi pale tairi mpya inapochelewa kupata joto, au mwenzio akitoka piti anakuta foleni ya magari ya polepole mbele yake. Monaco ndo kwao, pale huwezi kumpita mtu hata ukiwa na ndege. Na hilo la foleni liangalie sana, kabla hujasema "aingie sasa hivi!" tazama sekunde 22 nyuma yake kuna nani. Kukiwa na kundi anatokea katikati yao, tairi mpya zote zinaungua bure nyuma ya gari la mwisho mwisho.

Halafu kuna wanaoamua kula mara mbili au tatu. Mbona hasara? Sio hasara kama tairi mpya zinakulipa. Hungary 1998 McLaren walikuwa mbele, Ross Brawn, bosi wa ufundi wa Ferrari, akambadilishia Schumacher mpango kwenda piti tatu wenzake wakiwa na mbili, akamwambia ana raundi 19 za kutengeneza sekunde 25. Akazitengeneza, akashinda. Kule kule Hungary 2019, Verstappen anaongoza, Hamilton wa Mercedes anaitwa piti ya pili, anatoka akiwa nyuma kama sekunde 20, kijiweni tukasema Mercedes wamelewa. Raundi zikaenda, tairi za Verstappen zikafa, zikiwa zimebaki raundi nne jamaa kapitwa kama kasimama. Ila usikariri, maana Monza 2024, kule Italia, Leclerc wa Ferrari alikula mara moja tu, McLaren wakala mara mbili, wakamfukuza mpaka mwisho hawakumpata, Waitaliano wakalia kwa furaha. Swali ni lilelile siku zote: tairi mpya itanipa sekunde ngapi kila raundi, na zimebaki raundi ngapi? Zidisha. Ikizidi 22, ingia. Isipozidi, vumilia.

Sasa kitu kinachovuruga hesabu zote, gari la usalama. Ajali imetokea, linaingia uwanjani, wote wanatembea polepole nyuma yake. Fikiria lori limelala katikati ya mlima Kitonga, magari yamesimama pande zote. Ukiamua kula mihogo yako muda huo umepoteza nini? Karibu hakuna, hata ambaye hakula hasogei. Ndo hivyo, bei ya piti inashuka sana, hata ile ya virtual ambayo gari lenyewe haliingii, wanapunguza tu mwendo wote, bei inakuwa karibu nusu. Aliyekula raundi moja kabla ya ajali anatamani kulia, kalipa bei kamili wenzie wanakula kwa punguzo.

Abu Dhabi 2021 soda zangu kreti nzima nilizowekeana dau zilienda hapo. Hamilton anaongoza kwa raha, tairi zake ngumu tangu raundi ya 14. Dereva mwingine, Latifi, akagonga ukuta zikiwa zimebaki raundi chache sana. Mercedes wakakwama: wakimwita Hamilton, Verstappen anabaki nje anachukua uongozi, na mbio zinaweza kuishia nyuma ya gari la usalama. Wasipomwita, Verstappen anaingia, hana cha kupoteza. Wakabaki, jamaa akaingia akavaa nyekundu mpya. Ule uamuzi wa mkurugenzi wa mbio kuruhusu baadhi tu ya magari yaliyoachwa raundi nzima yapite gari la usalama mpaka leo watu wanaugombania, mi mwenyewe naona haikuwa sawa, ila kwa habari ya tairi tu, raundi moja ya mwisho, laini mpya dhidi ya ngumu iliyozeeka, hapo hata mimi na bajaji yangu... haya, labda sio bajaji. Ubingwa ukaenda kwa Verstappen.

Mvua nayo. Kukiwa na mvua ile sheria ya aina mbili haipo, wanavaa za kijani kwa majimaji ya wastani na bluu kwa mvua kubwa, na hizo ndo zina kashata. Shida ni kwamba mvua ya uwanjani ni kama ya kwetu, Uyole inamwagika Mbalizi jua kali. Sochi 2021, kule Urusi, Norris alikuwa anaelekea ushindi wake wa kwanza kabisa, zimebaki raundi chache, mvua ikaanza, timu inamuuliza vipi, anakataa kuingia. Hamilton alitaka kukataa pia ila wakambana akaingia. Mvua ikaongezeka, Norris akateleza na zile kipara, akamaliza wa saba, Hamilton akachukua ushindi wake wa mia. Dalili ya kuangalia: madereva wa nyuma. Wao hawana cha kupoteza, wanaingia wa kwanza kubahatisha. Mmoja wao akianza kukimbia kuliko wanaoongoza, wote wataingia ndani ya raundi moja, na wa mwisho kuingia ndo kaumia.

Usisahau mikono ya binadamu. Monaco 2016 Ricciardo aliingia piti akakuta tairi hazijaletwa, kasimama anaangalia watu wanakimbizana, ushindi ukaenda kwa Hamilton. Sakhir 2020, kule Bahrain, Mercedes waliita magari yote mawili kwa pamoja, Russell akafungwa tairi za mbele za Bottas, ikabidi arudi tena. Kwa hiyo timu ikiita magari mawili raundi moja, usiende chooni.

Umeme ukikatika katikati ya mbio, kama ulivyotufanyia mwezi uliopita, daftari ndo linakuokoa. Sikiliza redio au fungua namba kwenye simu, huhitaji picha, andika nani kala na raundi ya ngapi. Siku ile umeme ulirudi zimebaki raundi tatu, na mshkaji mmoja aliyekuwa anabisha toka mwanzo kwamba wa kwanza kashashinda akaiangalia skrini, akaniangalia mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "huyu... kashakula kweli?"