Unaenda kuwekewa neti ya ngiri kwa matundu? Soma kwanza

Neti ni kiwavu wanachoziba nacho pale ngiri ilipotokea, na matundu ni kupasuliwa kwa kamera kupitia vishimo vidogo. Ngiri ya mtu mzima haiponi kwa mizizi wala kwa mkanda, daktari akishasema upasuaji acha kuzunguka. Ila usiende kichwa kichwa.

Kikohozi na choo kigumu tibu kwanza. Sigara acha mapema. Sukari iwe imeshuka, na kama unameza dawa za kuyeyusha damu sema, usingoje kuulizwa. Masaa sita kabla usile, na uji ni chakula msijidanganye. Ulizia kama neti imo kwenye bei au inahesabiwa pembeni, bima nayo inalipa ipi. Halafu ujue matundu kwa kawaida ni nusu kaputi, unalala kabisa, kwa hiyo mwenye moyo au mapafu mabovu aongee mapema, anaweza akapasuliwa ile ya wazi, ya mkato mmoja bila kamera, na neti akawekewa vilevile. Neno neti lisikutishe, Uganda walishalinganisha ya hospitali na ya kitambaa cha chandarua, majibu ya 2016 yakaonyesha baada ya mwaka ngiri haikurudi kwa wingi zaidi upande wowote.

Sasa karatasi. Hapa ndo nilipoumia.

Mi nilifanyiwa Arusha, matundu matatu, kesho yake niko nyumbani bega linauma, nikajiuliza nimepasuliwa kinena bega linahusikaje, kumbe ni gesi wanayojaza tumboni ili kamera ione. Nikapona. Kadi iliandikwa mstari mmoja tu, ngiri, amepasuliwa. Miaka minne baadaye uvimbe ukarudi palepale, nimeshahamia Moshi. Daktari ananiuliza neti iko wapi, saizi gani, waliibana kwa pini au waliiacha? Nikabaki namtolea macho. Akanifafanulia kama mwanzo walipita ndani kwa kamera safari hii ni heri apite mbele, ile ya wazi, kurudi kulekule ni kuchimbua neti iliyoshikana na nyama karibu na kibofu na mishipa mikubwa. Makovu yakamsaidia kukisia, zaidi ya hapo hamna, neti ya plastiki eksirei haiioni. Nikapanda Kosta kwenda Arusha kufuata faili. Mara tatu! Kwanza mwenye funguo ya stoo hayupo, kisha nikaletewa faili la mama aliyejifungua, mwisho naambiwa ya miaka ile yalilowa mvua.

Na pakiti ya neti huwa inakuja na stika, ina jina, saizi na namba! Kabla hujaingia mwambie sista stika moja ni yako. Ipige picha, mtumie na mwenza wako. Kwenye kadi waandike upande gani, walipita wapi, walibana na nini. Neti ya kinena kwa kamera mara nyingi ni sentimita 10 kwa 15, usikariri, iandikwe.

Mengine mnayajua. Kiuvimbe laini baada ya upasuaji kinaweza kuwa maji tu, kaonyeshe kabla hujaanza kulia, ila tumbo likijaa unatapika na hata upepo hautoki nenda usiku huohuo. Mkungu wa ndizi abebe mwingine. Na siku ya kutoka usirudi kwa boda, mi nilirudi nayo, yale matuta ya kwetu nimeyahesabu yote kumi na moja.