Kujifunza Kigiriki ukiwa Mtwara: anza na lugha ulizonazo

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa Mtwara au Lindi anayetaka kujifunza Kigiriki, awe mwanafunzi wa theolojia anayetamani kulisoma Agano Jipya katika lugha ya asili, awe kijana anayetafuta kazi melini, au awe mpenzi wa lugha asiyehitaji sababu nyingine. Nimekuwa nikifundisha Kigiriki kwa vikundi vidogo, na jambo ninaloliona kila mara ni kwamba mwanafunzi wa huku kwetu huja akidhani anaanza patupu, ilhali sehemu kubwa ya anachokitafuta tayari anayo mdomoni. Kazi yake ya kwanza si kukariri, bali ni kujua ni lugha ipi kati ya zile alizonazo itakayomsaidia katika jambo lipi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitabu chochote, chukua daftari uorodheshe lugha zako zote, pamoja na zile unazozionea haya. Orodha yangu inaanza na Kimakonde cha Newala nilichokulia nacho nyumbani, inafuata Kiswahili, kisha Kiingereza cha shuleni, halafu Kireno nilichokiokota kwa jamaa zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, ambao huchanganya Kireno katika Kimakonde chao kiasi kwamba usipokifahamu utaachwa nyuma katika mazungumzo. Kigiriki nilikikuta nikiwa nasoma theolojia, na kwa kuwa nilishazoea kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine, hakikunitisha. Kupenda lugha, kwa maoni yangu, si kipaji cha kuzaliwa nacho. Ni mazoea ya kuwasikiliza watu wasiozungumza kama wewe, na katika nchi ya Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera mazoea hayo hupatikana bure sokoni.

Hatua inayofuata ni kuchagua Kigiriki unachokitaka. Kigiriki cha leo, kinachozungumzwa Ugiriki na Cyprus, ni mtoto wa Kigiriki cha Agano Jipya, ambacho Biblia zetu hukiita Kiyunani; maneno mengi ni yaleyale, lakini sarufi imepunguzwa. Vyuo vingi vya theolojia hufundisha Kiyunani kwa matamshi yanayohusishwa na Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi aliyechapisha kitabu chake kuhusu matamshi mwaka 1528. Mimi huwashauri wanafunzi wangu watumie matamshi ya Wagiriki wa leo hata wanaposoma maandiko ya kale, si kwa sababu ndivyo hasa alivyotamka Paulo, bali kwa sababu matamshi hayo yana watu hai wa kukusahihisha. Ukisoma chuoni, mfuate mwalimu wako, kwani kuchanganya mifumo miwili katika mwaka wa kwanza ni kujitafutia taabu.

Sasa tuje kwenye sauti, ambako mzungumzaji wa Kiswahili amebarikiwa kuliko anavyojua. Kigiriki cha leo kina irabu tano tu, nazo ni a, e, i, o, u, zinazotamkwa karibu sawa na zetu. Konsonanti zinazowatoa jasho wageni wengi tunazo: θ ni th ya thamani, δ ni dh ya dhahabu, γ ni gh ya ghali, na χ ni kh ya wale wanaotamka kheri kama walivyofundishwa na masheikh. Wanafunzi waliopitia madrasa Mikindani au Kilwa huzitamka herufi hizo siku ya kwanza bila kuelekezwa. Anayepata shida ni yule aliyezoea kusema samani, zahabu na gali, kama tusemavyo wengi tuliokulia bara. Huyo asianze na maneno ya Kigiriki, bali ayatamke kwanza maneno ya Kiswahili kwa usahihi, kwa sauti, mpaka ulimi uzoee, kisha ahamishe sauti ileile. Kumbuka pia kwamba γ ikifuatwa na sauti ya e au i hugeuka kuwa y, ndiyo maana γιαγιά, yaani bibi, hutamkwa yayá. Vilevile μπ, ντ na γκ katikati ya neno huweza kutamkwa kama mb, nd na ng zetu, na hapo hakuna Mmakonde atakayeshindwa.

Penye shida ni konsonanti mbili zinazoanza neno bila irabu kati yake. Mwanafunzi akiliona neno ψωμί, yaani mkate, husema pisomi, na ξένος, yaani mgeni, humtoka kama kisenos. Dawa yake ni rahisi: sema Pepsi polepole, kisha limeze pe la mwanzo uanze na psi, sema teksi, uliache te, uanze na ksi. Rudia hivyo ukiwa unatembea, na usijali wanaokutazama.

Alfabeti ina herufi 24 na haihitaji muda mrefu, ila jihadhari na zile zinazofanana na zetu kwa sura huku sauti zikiwa mbali: ν ni n, ρ ni r, η ni i, Β ni v, na Χ ni kh. Zinyooshe kwa mkono katika daftari la mistari kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi kubwa na ndogo sambamba. Tahajia ndiyo itakayokuchosha zaidi, kwa sababu sisi tumezoea kuandika kama tunavyotamka, ilhali Mgiriki anaweza kuiandika sauti moja ya i kwa ι, η, υ, ει, οι au υι. Hakuna njia ya mkato hapa isipokuwa imla: mwenzako asome, wewe uandike, kisha msahihishe kwa kalamu nyekundu.

Jambo ambalo hakuna lugha yetu itakayokusaidia vya kutosha ni mkazo. Kiswahili huuweka karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ni maneno machache tu yanayokaidi, kama barabara ya kupita magari inayotofautiana kwa mkazo na barabara yenye maana ya sawasawa. Katika Kigiriki mkazo unaweza kuangukia silabi yoyote kati ya tatu za mwisho, na ukiukosea unaweza kubadilisha maana kabisa: πότε ni lini, lakini ποτέ ni kamwe, γέρος ni mzee, lakini γερός ni mwenye nguvu. Habari njema ni kwamba alama ya mkazo huandikwa. Tangu mwaka 1982 Ugiriki hutumia rasmi alama moja tu, ingawa maandiko ya kale bado huchapishwa na alama kadhaa. Piga kofi au gonga meza kwenye silabi yenye alama kila unapojifunza neno jipya. Wakatoliki wana mfano wa kuanzia, kwani Kyrie eleison (Bwana, utuhurumie) inayoimbwa kwenye Misa ni Kigiriki kitupu: mkazo wa Κύριε upo mwanzoni kabisa, silabi ya tatu kutoka mwisho, na neno lenyewe ni κύριος lililobadilishwa mwisho wake kwa sababu Bwana anaitwa, hatajwi.

Nomino za Kigiriki zina jinsia tatu, na hapo ndipo wanafunzi wa Kiingereza hulalamika. Wewe usilalamike. Mtu anayesema kitabu kizuri, vitabu vizuri, miti mizuri, tangu utotoni, ana haki gani ya kuogopa jinsia tatu? Utasema ο καλός δάσκαλος kwa mwalimu mzuri wa kiume, η καλή δασκάλα kwa wa kike, na το καλό βιβλίο kwa kitabu kizuri. Tofauti ni kwamba upatanisho wetu huonekana mwanzoni mwa neno na wao huuonesha mwishoni. Usitafute mantiki katika jinsia hizo: bahari, θάλασσα, ni ya kike, na msichana, κορίτσι, hana jinsia ya kike wala ya kiume. Jifunze kila nomino pamoja na kibainishi chake, yaani kile kineno ο, η au το kinachoitangulia, na ukikuta nomino imeandikwa peke yake katika orodha, kiongeze mwenyewe kabla ya kuikariri.

Vitenzi havihitaji maneno mengi mwanzoni. Γράφω ni naandika, γράφεις ni unaandika, na nafsi imo ndani ya kitenzi kama ilivyo kwetu, kwa hiyo acha kutanguliza mimi na wewe kila wakati. Kitakachokusumbua baadaye ni tofauti kati ya έγραφα, nilikuwa nikiandika, na έγραψα, niliandika nikamaliza. Uitafsiri hivyo kwa Kiswahili kila mara na utaielewa bila kupitia Kiingereza.

Kuhusu kusikiliza, redio ya taifa ya Ugiriki, ERT, inapatikana kwenye intaneti, na sauti pekee hula bando kidogo kuliko video. Sikiliza taarifa ya habari hata usipoelewa, ukiyakamata majina ya nchi na tarakimu. Ukihitaji cheti, mtihani unaotambulika huandaliwa na Kituo cha Lugha ya Kigiriki cha Thessaloniki, kwa ngazi kuanzia A1 ya wanaoanza hadi C2 ya waliobobea; ulizia mapema kituo cha kufanyia mtihani kilicho karibu, kwa sababu safari inaweza kugharimu kuliko ada.

Katika kusoma, waliochagua Kiyunani waanze na Injili ya Yohana, ambayo sentensi zake ni fupi na maneno yake hurudiwarudiwa. Wakishazoea, nawashauri wakitafute Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa kibiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, ambao unaieleza pwani yetu ya Azania hadi soko la Rhapta. Mwandishi wake ni mtu wa biashara, hana madoido, na katika aya ya 16 anataja manahodha wa Kiarabu waliooana na wenyeji na kuijua lugha yao. Aya hiyo ni fupi na inamtosha mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa wiki nzima: mistari miwili kwa siku, kila nomino iandikwe pamoja na kibainishi chake, na tafsiri yako ya Kiswahili iandikwe pembeni kabla ya kutazama tafsiri ya mtu mwingine yeyote.