Gofu na bahari kwa familia ya nyanda za juu: tazama mwezi kabla ya kulipia chumba

Kwenye nyumba yenye mcheza gofu, safari ya pwani huanza na mvutano: mmoja anataka mashimo 18, waliobaki wanataka maji. Kwetu mcheza gofu ni mimi, niliyejifunzia Mufindi katikati ya mashamba ya chai. Mume wangu anauza mbao Mafinga na fimbo hajawahi kuishika. Mama mkwe anataka kivuli na chai ya tangawizi. Watoto wakishaona bahari hawaitiki tena wakiitwa. Kwa hiyo naegemea upande mmoja bila aibu: hoteli ichaguliwe kwa ajili ya wanaobaki ufukweni. Mchezaji atafika kiwanjani hata kwa bajaji.

Hatua ya kwanza basi si kuangalia picha za vyumba, ni kuangalia kalenda ya mwezi. Sisi wa milimani tunadhani bahari ipo tu muda wote, kama Ziwa Nyasa pale Matema. Haipo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: pwani yetu maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, hukauka mnamo saa nne asubuhi na kurudi kujaa mnamo saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Mcheza gofu apangie hapo. Siku za bamvua, ingia kiwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mashimo 18 huchukua saa nne hivi au zaidi, na wakati huo watoto wanazunguka na baba yao kwenye madimbwi ya miamba wakitazama kaa na viti vya pweza. Wavae viatu vya plastiki, maana kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu. Jioni maji yanarudi, mnaogelea wote. Siku za maji mafu, acha gofu asubuhi, ogelea na wanao, halafu cheza mashimo 9 jua likishuka.

Ukishajua tarehe, piga simu. Barua pepe hujibiwa kwa maneno ya matangazo. Simu inamlazimisha mtu afikiri. Mazungumzo yangu huwa hivi:

"Karibu sana mama, bahari ipo hapa hapa mbele."

"Asante mwanangu. Saa nne asubuhi, mwezi ukiwa mpevu, mtoto wa miaka sita anaogelea wapi?"

Akisema "labda kwenye bwawa", amesema kweli, na sasa uliza bwawa lina kina gani upande wa watoto na kama kuna mwangalizi. Akisema "popote tu mama", mwombe akupe mtu wa ufukweni.

Kuhusu mahali. Kwa familia yenye watoto wadogo na mfuko wa kawaida, mimi nachagua Dar es Salaam, hata kama wenzangu wanacheka. Lala Mbezi Beach au Kunduchi, cheza Lugalo, ambako kuna mashimo 18 na uko upande huo huo wa Barabara ya Bagamoyo. Ni eneo la jeshi, beba kitambulisho na usipige picha ovyo. Gymkhana nayo ina mashimo 18, ila iko mjini kabisa na foleni ya kurudi Kunduchi itakumaliza. Kunduchi kuna michezo ya maji ya watoto, na boti za kwenda kisiwa cha Mbudya ziko karibu.

Unguja ina Sea Cliff, upande wa magharibi wa kisiwa, yenye kiwanja cha mashimo 9 hapo hapo hotelini. Huo ndio wepesi wake: mchezaji anarudi kabla chai haijapoa. Ukitaka maji ya kuogelea saa nyingi zaidi, Nungwi na Kendwa bahari haikimbii mbali kama Paje na Jambiani. Na likizo ya Juni inaangukia kwenye kusi, upepo unapiga pwani ya mashariki kwa nguvu. Wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara wanafurahi, mama mkwe hafurahi.

Kenya iko mbali, lakini anayeipenda gofu ataiota. Diani kuna Leisure Lodge, mashimo 18, na mbega juu ya miti. Ukipitia Tanga na Horohoro unafika Diani kabla ya Mombasa, kwa hiyo kivuko cha Likoni hakikuhusu. Vipingo Ridge, kaskazini ya Mombasa, ni kiwanja kikubwa ambako mashindano ya wanawake ya Ulaya yamechezwa, ila kiko juu kwenye mgongo wa kilima, si mchangani. Familia isiyocheza itahitaji gari la kushukia baharini. Pasi za watoto ziangalie mapema, na gari lako likatiwe Kadi ya Njano, yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka.

Machi hadi Mei sahau. Masika yanalowesha viwanja na pesa.

Mambo mawili yanatuhusu sisi wa baridi. Mufindi mpira unaenda mbali kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwenye usawa wa bahari umbali huo unapungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Fimbo namba 7 inayokupa yadi 150 nyumbani, kule tarajia kama 135, kwa hiyo panda fimbo moja, chukua namba 6. La pili ni zito zaidi: Iringa na Njombe malaria ni chache kuliko pwani, na miili ya watoto wetu haijaizoea. Uliza kama kila kitanda kina chandarua, pamoja na kile cha ziada wanachoingiza chumbani usiku, maana hapo ndipo husahaulika.

Bei uliza ya Watanzania, kwa shilingi, na uliza kama ada ya kiwanja, kedi (mbeba fimbo) na fimbo za kukodi zimo. Ukisafiri kwa basi toka Mbeya hadi Dar, kilomita zaidi ya 800, kukodi fimbo kunaweza kuwa nafuu kuliko kubishana na kondakta kuhusu buti.

Ukilipa malipo ya awali, risiti iandikwe tarehe, umri wa kila mtoto, na saa ya kifungua kinywa. Kama jiko halifunguliwi mapema, waombe usiku wakufungie chapati na mayai ya kuchemsha.