Kabla Hujakutana na Nyoka Kisiwani

Kumtambua nyoka aliyejitokeza uani huanza siku nyingi kabla hajajitokeza. Visiwa huwa na aina chache za nyoka kuliko bara, kwa hiyo orodha yao hushikika kichwani. Itafute mapema, uihifadhi kwenye simu pamoja na picha. Iwe ya kisiwa chenyewe, si ya bara jirani: Madagaska haina koboko, fira wala kifutu, ingawa ng'ambo yake Afrika imejaa hao wote. Hata ukubwa hutofautiana. Kwenye kisiwa cha Mount Chappell, Australia, kuna nyoka wenye sumu kali wanaonenepea makinda ya ndege wa baharini, na hukua kuwapita wenzao wa bara.

Kisha ongeza wageni wanaokuja na mizigo. Nyoka wa mitini aitwaye Boiga irregularis aliingia Guam, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, inaaminika ndani ya shehena, akawamaliza karibu ndege wote wa asili wa msituni. Mwingine ni nyoka kipofu mdogo asiye na madhara, anayesafiri katika udongo wa vyungu vya maua. Wengi humdhania nyungunyungu, lakini mwili wake hauna pingili, unang'aa kwa magamba laini, na ulimi wake huchomoza na kurudi. Nyoka wa aina hii wote ni majike, na mmoja anatosha kuanzisha kizazi.

Usiamini rangi, wala kichwa cha pembetatu. Nyoka wengi wasio na sumu hutanua kichwa wakitishwa, na koboko ana kichwa chembamba. Kinachosaidia ni picha za kichwa, ubavu na mkia. Ufukweni, mkia bapa kama kasia humtambulisha nyoka wa baharini, na sumu yake ni kali hata akionekana mpole. Piga picha hizo ukiwa mita tano au zaidi, ukivuta kwa kamera badala ya kusogea. Tafadhali usimuue ili umchunguze: hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma.

La mwisho ndilo zito kuliko yote kisiwani. Jua hospitali ipi ina dawa ya kuzuia sumu, na kama iko ng'ambo ya maji, jua chombo kipi huvuka usiku. Mtu akiumwa, mvue pete na bangili, kiungo kitulie, msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Ondokeni mara moja hata kama nyoka hajatambuliwa. Daktari huweza kutibu kwa kufuata dalili.