Kuinua pua ya Hilux ukiwa nyumbani

Kabla hujanunua spesa, yaani kile kipande kigumu kinachovikwa juu ya shokabsoba ili mbele ya gari inyanyuke, chukua futi kamba upime gari likiwa na mzigo linaoubeba siku nyingi za wiki. Kiwandani, nyuma ya pikapu huachwa juu kuliko mbele kwa makusudi, ili ikipakiwa ikae sawa. Anayeshusha viazi Marikiti kila alfajiri hana haja na kazi hii. Akiinua mbele, magunia yakiingia nyuma gari litatazama mawingu, usukani utapoteza uzito, na taa zitawapofusha wanaokuja. Mimi hubeba matangi ya maji kutoka Industrial Area kwenda Ruai na Kamulu. Tangi tupu ni kubwa lakini jepesi, nyuma haishuki, na mbele nimefunga bampa ya chuma inayolemea springi. Gari la namna hiyo ndilo linalofaidika.

Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, pande zote nne, gari likiwa mahali tambarare. Kwangu nyuma ilizidi mbele kwa sentimita nne na nusu. Usiimalize tofauti yote. Acha walau sentimita moja nyuma. Na ujue kwamba spesa inayokaa juu ya shokabsoba huinua gari zaidi ya unene wake, kwa sababu shokabsoba imefungwa katikati ya mkono wa chini, kile chuma kinachounganisha gurudumu na chesi, si kwenye gurudumu. Spesa ya milimita 20 ilinipa karibu sentimita tatu na nusu. Ukitaka kupita sentimita tano, mikono ya juu na ekseli hukaa pembe mbaya na mipira yake huchanika mapema. Mimi singevuka hapo.

Ninayoeleza hapa ni ya Hilux Vigo, ambayo springi ya mbele imevalishwa kwenye shokabsoba. Gari lenye toshenibaa, fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi, kama D-Max za zamani za foo-wili, lina njia yake tofauti. Spesa chagua ya alumini au ya chuma iliyochongwa vizuri kwenye mashine ya leithi. Vile vipande vya mpira vinavyosokotwa katikati ya springi achana navyo: vinazuia springi kufanya kazi na gari linaruka kama punda.

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu. Halafu egesha gari lilitazame ukuta, uwashe taa, ubandike utepe pale mwanga unapokatikia, na uweke alama ya chaki sakafuni mahali magurudumu yalipo. Utaishukuru alama hiyo mwishoni.

Asubuhi, legeza nati za magurudumu (soketi 21) gari likiwa bado chini, zuia magurudumu ya nyuma yasibingirike, inua mbele yote na uweke stendi mbili chini ya chesi. Jiwe la Ndarugo, lile la kujengea, si stendi, hata kama limejaa kwenye kiwanja cha jirani. Hupasuka ghafla, na wewe uko chini. Magurudumu yote mawili ya mbele yaning'inie pamoja, maana stabilaiza, ile fimbo inayounganisha pande mbili za mbele, itakushindania ukiinua upande mmoja tu. Yatoe magurudumu hayo, fungua linki za stabilaiza pande zote mbili, kisha vishikizo vya mpira wa breki na waya wa ABS, visije vikavutwa.

Sasa fungua boneti. Juu ya shokabsoba utaona nati tatu za 14 zimezunguka, na katikati nati moja kubwa zaidi. Hiyo ya katikati usiiguse. Ndiyo inayoishikilia springi ikiwa imebanwa, na ikilegea springi hutoka kwa nguvu inayoweza kumwua mtu. Wala huihitaji. Kazi yetu ni zile tatu za pembeni. Ukifika hapo na mtoto au rafiki anakusaidia, mwonyeshe kwa kidole kabla hajashika spana.

Chora alama ya rangi kwenye shokabsoba na kwenye chesi ili irudi ilivyokuwa. Legeza nati tatu bila kuzitoa, toa bolti ya chini (19), kisha uende kwenye boljointi ya juu, kiungo cha mviringo kilicho mwishoni mwa mkono wa juu. Chomoa pini yake, rudisha nati hadi mwisho wa nyuzi lakini ibaki imeshika, weka jeki chini ya mkono wa chini, na ugonge kwa nyundo ubavu wa chuma kinachoishikilia boljointi. Usigonge nyuzi. Ikiachia utasikia mlio mkavu. Toa nati, na mara hiyo funga kile chuma kwa waya kwenye chesi, kisilale nje kikachomoa ekseli au kuning'inia kwenye mpira wa breki. Shusha jeki taratibu, toa zile nati tatu, na shokabsoba itatoka.

Vika spesa juu, kaza nati zake, kisha angalia kama studi za zamani zimechomoza juu ya spesa. Zikichomoza zitagonga chesi, kwa hiyo zipunguze kwa msumeno. Rudisha kila kitu kwa mpangilio wa kinyume, ukiinua mkono wa chini kwa jeki hadi tundu la bolti lilingane. Boljointi itiwe pini mpya; ni ya shilingi chache. Bolti ya chini ya shokabsoba iache ikiwa imeshika tu. Utaikaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, gari likiwa limekalia magurudumu yake, la sivyo bushi yake, ule mpira ulio ndani ya tundu la bolti, inabaki imejipinda na kuliwa upesi. Vipimo vya kukaza vichukue kwenye kitabu cha gari lako.

Kabla hujalishusha, zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, ukitazama mpira wa breki: usikazike popote. Ukishalishusha, kaza ile bolti ya chini, liendeshe kidogo ndani ya mtaa, pima tena, kisha lirudishe kwenye chaki na ushushe taa hadi kwenye utepe au chini yake kidogo. Pikapu ya biashara hukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na taa zinazomulika juu hufanya gari lishindwe ukaguzi.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, ni lazima, siku hiyohiyo ukiweza, kwa sababu kuinua mbele hubadilisha namna tairi zinavyosimama. Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Fundi akikuambia kemba, yaani jinsi tairi linavyoinama ndani au nje, haikubali kurudi kwenye kiwango, spesa ni nene mno kwa gari lako, tafuta nyembamba. Ukishapita kwenye barabara ya vumbi kwa wiki moja hivi, rudia kukaza nati zote ulizozigusa.